Doktora ya tabianchi ukiwa Lubumbashi: anza na swali lako, bursi (ufadhili wa masomo) itafuata

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia, wadogo zangu wa chuo hunijia na simu mkononi. Wananionyesha tangazo la ufadhili lenye bendera ya nchi ya mbali na tarehe ya mwisho ambayo ni keshokutwa. "Yaya, hapa niandike nini?" Na "hapa" siku zote ni pale penye nafasi ya mada ya utafiti. Mtu aliyeanza na tangazo analazimika kubuni mada kwa usiku mmoja, na mada ya usiku mmoja profesa anaitambua kabla hajamaliza aya ya kwanza.

Ninawaandikia wenye masta, DEA (diploma ya maandalizi ya doktora) au lisansi ya zamani walioko Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na miji ya jirani, wanaotaka kufanya doktora (ndugu zetu wa Tanzania wanaiita uzamivu) juu ya tabianchi, misitu, maji, nishati au kilimo. Nimepanga hatua kwa namna ninayoamini inafaa: karatasi, swali, msimamizi, ndipo fedha. Najua wengi wangependa fedha ije mbele. Nimeona wengi wakianza nayo, na wengi wao bado wanajaza fomu.

Hatua ya kwanza: panga karatasi kabla hujaulizwa

Kinachowaangusha Wakongo wengi mlangoni ni neno moja: lisansi. Katika mfumo wa zamani ulisoma gradua (hatua ya kwanza ya chuo) miaka mitatu, ukaongeza lisansi miaka miwili, jumla mitano. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), uliofunguliwa mlango na sheria ya elimu ya Februari 2014 na kuenezwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu tu, kisha inafuata masta. Jina moja, uzito mbalimbali. Afisa wa udahili wa Ujerumani au Afrika Kusini akiona lisansi kwenye diploma yako ya zamani anaweza kukuhesabia miaka mitatu na kukujibu kwamba hufikii kiwango cha doktora. Hakuonei. Anasoma alichoandikiwa.

Dawa yake ni karatasi moja. Nenda sekretariati ya kitivo chako, omba hati yenye muhuri inayoeleza kwamba diploma yako ilitolewa baada ya miaka mitano ya chuo kikuu juu ya diploma ya serikali (ile ya kumaliza sekondari), na kwamba ulitetea memwari (andiko la utafiti la mwisho wa masomo). Iombe sasa, wakati huna haraka. Iweke mbele ya faili yako kila unapotuma ombi.

Alama nazo zinahitaji maelezo. Kwetu distinksyo inaanza kwenye asilimia 70, na distinksyo kubwa kwenye 80. Msomaji wa nchi ambako wanafunzi wazuri hupewa 90 ataona 71 yako na kudhani ulipita kwa shida. Omba kitivo kiandike nafasi yako katika kundi: ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Mstari huo mmoja unasema mengi kuliko barua ndefu ya sifa.

Halafu majina. Hakikisha jina, postinomu (jina la pili) na jina la ubatizo vimefuatana namna moja kwenye diploma, kwenye karatasi za alama na kwenye pasipoti. Herufi moja iliyozidi inaweza kukugharimu miezi. Pasipoti yenyewe, kama huna, anza kuitafuta leo.

Hatua ya pili: tafuta swali ambalo mtu wa mbali hawezi kulijibu bila wewe

Hapa nitakaa, maana ndipo penye uzito wote.

Dunia ya tabianchi inapotaja Kongo, mara nyingi inataja msitu wa mvua wa kaskazini na udongo wa mboji (mabaki ya mimea yasiyooza kabisa kwenye maji) wa Bonde la Kati. Ina sababu nzuri. Mwaka 2017 watafiti walitangaza ramani ya mboji hiyo, katika Kongo zote mbili: kilomita za mraba 145,500, na kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Lakini sisi wa Katanga ya juu hatuishi chini ya msitu huo. Tunaishi katika miombo, pori la miti linaloanza Angola, likapita kwetu na Zambia hadi Tanzania na Msumbiji. Lina msimu wake wa ukame, moto wake, vinkubala vyake (viwavi wa kuliwa), vichuguu vyake virefu kuliko nyumba. Na tunalichoma kila siku jikoni.

Fikiria makala tu (mkaa, kwa msomaji wa mashariki; kwa maandishi ya wataalamu nitasema "andiko" ili tusichanganye). Ukisimama alfajiri kwenye barabara ya Kasenga au ya Likasi utaona baiskeli zimebeba mifuko hadi mwendeshaji haonekani. Kila mfuko una msitu nyuma yake: miti imekatwa, ikapangwa, ikafunikwa udongo, ikaungua polepole kwa hewa kidogo siku kadhaa. Mti wa miombo una tabia ya kuchipuka tena kutoka kwenye kisiki na mizizi. Basi swali linajileta lenyewe: je, pori lililokatwa kwa makala linarudi? Linarudi na miti ileile? Na moto wa Septemba, unaopita wakati majani yamekauka kabisa, unafanya nini kwa machipukizi ambayo moto wa Juni ungeyaacha hai?

Hilo ni swali la doktora. Unaweza kulifikia kwa baiskeli, unawajua wachoma makala kwa lugha yao, na mfumu (chifu) wa kijiji atakupokea ukifika kwa heshima. Profesa wa ng'ambo ana vifaa na maabara. Mlango wa kijiji hana.

Usidhani tabianchi ni ya watu wa agronomia peke yao. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza janga la taifa kwa sababu ya ukame. Sisi ambao sehemu kubwa ya unga wetu wa bukari (ugali) inapita mpaka wa Kasumbalesa tulijua maana yake sokoni. Mchumi anaweza kujenga tasnifu nzima hapo: namna ukame wa nchi jirani unavyofika kwenye sufuria ya mama wa Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, kwa njia gani na kwa muda gani. Mwanasheria anaweza kuuliza nani ana haki juu ya kaboni ya msitu wa kijiji. Mhandisi anaweza kuangalia mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, au Nzilo na Nseke kwenye Lualaba: umeme wa migodi unategemea maji, na maji yanategemea mvua. Daktari ana swali la malaria. Kongo yenyewe, katika ahadi zake za tabianchi za 2021, ilisema itapunguza hewa chafu kwa asilimia 21 kufikia 2030, na karibu zote hizo kwa masharti ya msaada kutoka nje. Nani atapima kama ahadi inatimia huku kwetu?

Ukishapata swali, lipime kwa mambo matatu. Unaweza kulitamka kwa sentensi moja ambayo mama yako ataelewa? Kuna kitu cha kupima, si cha kueleza tu? Data ipo, au unaweza kuikusanya kwa misimu miwili?

Kuhusu data, usikate tamaa kwa sababu kituo cha mvua cha karibu kina mapengo. Omba kilichopo kwa METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa, na uliza pia kituo cha uwanja wa ndege wa Luano, kisha ujaze na vya bure. Picha za setilaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, na tangu 2008 hazilipiwi. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinaonyesha ardhi kwa vipimo vya mita 10. Makadirio ya mvua ya CHIRPS yanaanza 1981. Google Earth Engine inakuruhusu kuchakata picha hizo kwenye mashine zao; wewe unahitaji kompyuta ya kawaida na intaneti ya saa chache, hata usiku wakati mtandao umetulia. Nawajua watu walioanza hivyo, umeme ukikatika kila jioni, na ramani yao ya kwanza ndiyo iliyomfanya profesa ajibu.

Na msitu wenyewe unataka mkono. Jifunze kupima kipenyo cha mti kwenye urefu wa mita 1.30 kutoka chini, kuandika jina la kienyeji na la kisayansi, kuchukua alama ya GPS. Pale Mikembo, si mbali na mji, kuna kiwanja cha kudumu cha hekta 10 ambamo miti ya miombo imehesabiwa na kuwekwa namba. Soma yaliyoandikwa juu yake kabla hujachagua njia yako ya kupima, ili vipimo vyako viweze kulinganishwa na vya wengine.

Hatua ya tatu: msimamizi

Tafuta maandiko kumi ya miaka ya karibuni yanayogusa swali lako. Kama chuo chako kimejiandikisha Research4Life, majarida mengi yanayolipiwa kwingine yanafunguka bure kwa nchi kama yetu, muulize mkutubi. Kwenye kila andiko angalia waandishi, na walikofanyia kazi. Utaona majina yanarudi: mtu wa Lubumbashi pamoja na mtu wa Gembloux, wa Brussels, wa Ghent, au wa Makumbusho ya Afrika ya Kati pale Tervuren, wote wa Ubelgiji. Hiyo jozi ndiyo mlango wako. Fedha nyingi za Ubelgiji kwa utafiti wetu, zile za ARES kwa upande wa wanaosema Kifaransa na za VLIR-UOS kwa upande wa Flandria, hupita kwenye miradi inayoongozwa na profesa wa huku na wa kule pamoja, na wanafunzi wa doktora huchaguliwa ndani ya mradi. Nafasi ya namna hiyo huenda usiione kwenye tangazo lolote. Utaisikia kwenye korido ya kitivo, kwa hiyo anza na profesa wa hapa. Nenda ofisini kwake, piga hodi, eleza swali lako kwa dakika tano, uliza nani anafanya naye kazi.

Ndipo umwandikie wa ng'ambo. Barua iwe fupi, Kifaransa au Kiingereza, na iwe ya kwake peke yake. Kwa maana yake iwe hivi:

"Bwana Profesa, mimi ni asistani wa kitivo cha agronomia, Lubumbashi. Nimesoma andiko lenu juu ya kurudi kwa miombo baada ya kukatwa. Mmepima viwanja vilivyolindwa na moto. Mimi ninafikia viwanja vitatu vilivyokatwa kwa makala miaka sita iliyopita na vinavyoungua kila Septemba. Ninafikiri tofauti kati ya hivyo viwili inaweza kutuonyesha sehemu ya moto na sehemu ya shoka. Je, mngekubali kunisimamia pamoja na profesa wangu wa hapa, ikiwa tutapata fedha? Naambatanisha ukurasa mmoja wa wazo langu, ramani moja, na wasifu wangu."

Basi. Usisimulie maisha yako, wala usimwambie unaomba msaada. Unamletea kazi ambayo yeye peke yake hawezi kuifanya. Na tafadhali, usitume barua moja kwa maprofesa arobaini. Wanajuana, na wanakula pamoja kwenye mikutano. Mimi barua zangu nne za kwanza hazikujibiwa. Ya tano ilijibiwa baada ya wiki saba, kwa mistari miwili, na mistari hiyo miwili ndiyo iliyonifungulia njia. Asipojibu kwa wiki tatu, kumbusha mara moja kwa adabu, halafu endelea kwa mwingine.

Hatua ya nne: amua utasomea wapi na kwa mpango gani

Kwa maoni yangu, kwa mtu mwenye familia na swali la hapa, mpango mzuri ni tasnifu ya vyuo viwili, ile inayoitwa kotutela: unaandikishwa Lubumbashi na kule, una wasimamizi wawili, unapima porini wakati wa msimu na kwenda maabara miezi michache kila mwaka. Mkataba wa vyuo huchukua muda kusainiwa, kwa hiyo uanze mara tu wasimamizi wanapokubaliana.

Kubaki nchini pia ni njia ya heshima. ERAIFT, iliyoko kwenye kampasi ya chuo kikuu cha Kinshasa tangu 1999 kwa msaada wa UNESCO, inafundisha usimamizi wa misitu ya tropiki hadi doktora. Kisangani kuna watu wengi wa misitu, na Yangambi upande wa pili wa safari ya mto kuna mnara wa mita 55 unaopima kaboni inayoingia na kutoka msituni.

Halafu kuna majirani. Chuo kikuu cha Copperbelt kiko Kitwe, safari ya siku moja kwa basi ukishavuka Kasumbalesa, na miombo yao ndiyo yetu. Sokoine ya Morogoro nayo imezama katika misitu hii, na Kiswahili chako huko kitakusaidia kuishi hata kama darasa ni la Kiingereza.

Hatua ya tano: sasa fedha

Kabla ya kusoma kiasi, soma orodha ya nchi. Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo bursi za Commonwealth hazituhusu, ingawa jirani zetu wa Zambia na Rwanda wanazipata. SASSCAL, kituo cha sayansi ya tabianchi, ni ya Angola, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zambia. WASCAL, kituo cha namna hiyo hiyo, ni ya Afrika Magharibi. Nimewaona watu wakitumia mwezi mzima kwenye fomu ambazo nchi yetu haimo.

Zinazotuhusu ni nyingi vya kutosha. Chuo Kikuu cha Afrika Nzima cha Umoja wa Afrika kina taasisi Ibadan kwa sayansi za uhai na dunia, Tlemcen huko Algeria kwa maji, nishati na tabianchi, na nchini Kenya kwa sayansi na teknolojia. Kwa doktora kikomo cha umri kimekuwa miaka 35 kwa wanaume na 40 kwa wanawake, na kila taasisi ina programu zake, kwa hiyo hakikisha ya doktora ipo. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, inafadhili masomo katika vyuo vya Afrika yenyewe; kwa kawaida inataka diploma yako ya mwisho isizidi miaka sita. Ukiwa asistani wa chuo mwanachama wa RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu kwa ajili ya kilimo wenye makao Kampala, uliza juu ya mpango wao wa kubadilishana waalimu: chuo kinachokupokea kinasamehe minervali (karo), chako kinabeba safari na maisha. Dada zangu, OWSD, shirika la wanawake wa sayansi lenye makao Trieste, Italia, hufadhili wanawake wa sayansi kutoka nchi kama yetu wafanye doktora katika nchi nyingine ya Kusini, hata kwa kwenda na kurudi. Angalieni kama wito wa mwaka uko wazi.

Za Ulaya, mitandao ya doktora ya Marie Skłodowska-Curie, ya Umoja wa Ulaya, huajiri: unapata mkataba na mshahara, utaifa wowote. Sharti ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi inayokupokea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita, na hilo sisi wa huku tunalitimiza bila shida. Nafasi hizo hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS. Shule za doktora za taasisi za Max Planck za Ujerumani, ya Hamburg kwa hali ya hewa ya dunia na ya Jena kwa mizunguko ya kaboni na maji, zinafaa kwa wenye hesabu na fizikia imara.

Kuna pia fedha za katikati ya njia. IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, kutokana na fedha ya tuzo ya Nobel ya 2007, ilianzisha ufadhili kwa wanafunzi wa doktora wa nchi zinazoendelea. Mfuko wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo za kazi ya porini kwa uhifadhi. Haulipi minervali, lakini unanunua mafuta ya pikipiki, tepu na GPS, na kazi ikishaanza kuonekana mlango mkubwa unafunguka kwa urahisi zaidi.

Hatua ya sita: tuma

Pendekezo la utafiti liwe kurasa tano hadi nane: swali, yaliyokwisha kufanywa, utakachopima na namna gani, ratiba yenye misimu yetu halisi (usiandike safari ya kijijini mwezi wa Februari kwenye barabara ya udongo), na bajeti ya kweli. Katika bajeti mweke msaidizi wa kijiji na malipo yake ya siku. Wape wanaokupendekeza wiki nne, na uwapelekee muhtasari wa kazi yako ili wasiandike maneno ya jumla. Kiingereza, kama kinatakiwa, jiandae miezi sita kabla.

Hakuna bursi ya kweli inayokutaka ulipe "dhamana" kwa simu. Ukiombwa, funga mazungumzo. Visa nyingi za Ulaya zitakupeleka Kinshasa, kwa hiyo hesabu tiketi hiyo mapema.

Na wakati unasubiri jibu, usikae. Ukituma Julai, nenda porini Agosti, kabla moto mkali haujapita. Chagua viwanja vyako vitatu, salimia mfumu, paka rangi kwenye mashina, andika namba. Urudi Novemba, mvua ikishanyesha, uhesabu machipukizi. Jibu likija, likiwa ndiyo, utakuwa na msimu mmoja tayari mfukoni. Likiwa hapana, msimu huo utaingia kwenye barua ya profesa anayefuata.